Kibao cha Mkono wa Kushoto

Wenzangu mliokulia Mpanda enzi zile za miaka ya tisini, mnakumbuka kwamba redio ya mtu haikufa kwa siku moja. Zilianza betri, tukazianika juani kama dagaa ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Kisha kifuniko cha nyuma kilipotea, redio ikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwisho ilivunjika eriali, na mwenye nyumba akachomeka kipande cha waya mahali pake. Hapo ndipo sisi watoto wa Fundi Idi tulipopata kazi. Tulizunguka mtaa wetu wote wa Makanyagio mpaka karibu na stesheni ya treni tukiulizia eriali zilizovunjika, na watu walitupa bila maswali, kwa sababu wote walijua baba yetu alizifanyia nini.

Baba alitengeneza kalamu. Alikuwa seremala wa vitanda, madirisha na majeneza, lakini masalia ya mninga na mpingo hakuyatupa. Aliyakata vijiti vya urefu wa kidole, akavitoboa katikati kwa kekee, akaingiza ndani bomba la shaba lililotoka kwenye eriali, akalishika kwa gundi. Kisha alivichonga mviringo, na ndani akapachika mrija wa wino uliochomolewa kwenye kalamu ya plastiki. Kalamu moja ilikuwa na vijiti viwili vinavyokutana katikati. Walinunua walimu, makarani, na wageni walioshuka na treni kwenda makambi ya wakimbizi. Ukimwona mtu na kalamu ya mninga mfukoni, ujue ana cheo, au anakitafuta.

Nikifumba macho bado naisikia harufu ya vumbi la mninga, tamu kidogo, imeingia kwenye nywele zetu, kwenye sare za shule, hadi kwenye uji. Tulicheza rede tukiwa na vumbi hilo, tukacheza kombolela nyuma ya magogo, na aliyejificha karakana kwetu alijulikana kwa chafya. Mvua zikianza kina mama walileta uyoga wa porini kwenye mabeseni, na asali ilikuja kwenye madumu, ikiwa bado na nyuki waliokufa ndani. Tulimlamba nyuki na asali yake, hakuna aliyepelekwa hospitali. Mtoto wa leo akiona sisimizi kwenye sukari anataka mfuko mzima utupwe.

Na tulifanya kazi. Hilo hawa wa siku hizi hawaliamini. Ukimtuma mmoja dukani anakuuliza kama hawawezi kuleta. Kwetu hakuna mtoto aliyekula bure, na kazi yetu sisi ilikuwa skwea.

Ugumu wa kalamu haukuwa kuichonga. Ulikuwa kwenye ncha za vile vijiti. Ncha isipokaa skwea, yaani isipokuwa imenyooka barabara na tundu lililotobolewa, vijiti viwili vikikutana vinaacha uwazi na kalamu inapinda. Baba alikuwa na kipimo kimoja tu. Alivikutanisha vijiti viwili, akavielekeza juani, akafumba jicho moja. Mwanga ukipenya, vinakwenda jikoni kwa Mama. Chai ya kwetu ilichemshwa kwa mninga, na sidhani kama kuna waziri aliyewahi kunywa chai ya gharama ile.

Kunyoosha ncha kulifanyika kwenye chombo tulichokiita sahani. Lilikuwa duara la mbao nene, kubwa kama sinia la pilau, limebandikwa msasa usoni, nalo lilizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa mlango wa pili. Mbele ya sahani ilikuwepo meza ndogo ya kuegemezea. Unakishika kijiti kwa vidole, unakilaza mezani, unakisogeza mpaka ncha iguse msasa unaozunguka. Hakuna kitu kingine kilichokishikilia, ni jicho lako na vidole vyako. Na kati ya meza na sahani palikuwa na mwanya. Baba alikuwa anasema atauziba akipata ubao unaofaa.

Vidole vya Baba vilikuwa vinene na sugu, havikusikia tena kitu kidogo kama kile. Kwa hiyo kazi ya sahani ilikuwa ya dada yangu Zuhura. Yeye ndiye binti wa kwanza, mimi wa pili. Alikuwa darasa la saba, mrefu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Hesabu alizifanya kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni, na nyumbani ilishaeleweka kwamba huyu atakwenda sekondari. Enzi zile mtoto wa kike wa kwetu kwenda sekondari lilikuwa jambo la mtaa mzima. Nafasi zilikuwa chache, na waliozipata tuliwasindikiza stesheni kama maharusi.

Tatizo la Zuhura lilikuwa moja. Alizaliwa mashoto.

Tuliishi na Bibi, mama yake Baba, aliyeletwa na mumewe kutoka Ujiji akiwa binti. Bibi alikuwa na sheria zake, na ya kwanza ilikuwa mikono. "Mkono wa kushoto una kazi yake," alikuwa anasema, "na kazi hiyo iko chooni." Zuhura alipokuwa mdogo, kila wakati wa kula Bibi aliufunga mkono wake wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga iliyochakaa, akamwachia wa kulia. Aliyempokea Bibi kikombe kwa mkono wa kushoto alirudi akapokee upya. Haikuwa kwetu tu. Nyumba zote za mtaani zilikuwa hivyo, za Waislamu na za Wakristo, za Wakonongo na za Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wazazi wetu waliona wanatulea.

Basi Zuhura akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ila alikuwa anaung'ang'ania, nikimwangalia naona jinsi alivyouma mdomo. Lakini kwenye kazi nyeti mkono wa kushoto ulijitokeza wenyewe bila kuombwa. Kwenye sahani ndiyo kabisa. Na hapo Baba alikuwa mkali kuliko Bibi.

"Wee Zuhura, unataka mwalimu wako aweke mdomoni kitu kilichotoka mkono huo?" Kwa sababu walimu wote wana tabia ya kutafuna kalamu.

Msimfikirie Baba vibaya. Hakutupiga ovyo, na majeneza ya watoto wachanga aliyatengeneza bure. Aliamini tu kwamba mkono ni kama mti mchanga, ukiunyoosha mapema unakubali.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, msimu wa mavuno. Watu wa Kabungu na Litapunga walikuwa wanaleta mahindi kwa baiskeli, mashine ya kusaga haipumziki. Injini ikilemewa na mahindi, sahani yetu ilipunguza mwendo, na ikipumua, sahani iliongeza ghafla. Baba alikuwa nje anazungumza na mteja. Zuhura alikuwa kwenye sahani, mimi nimekaa mlangoni napima vijiti juani kama Baba alivyotufundisha.

Kila nilichokipima kilikuwa sawa. Nilivikutanisha, nikafumba jicho, hakuna mwanga. Vingine tena, hakuna mwanga. Nikageuka kumwambia Zuhura, nikaona anatumia mkono wa kushoto. Alikuwa ametulia, mdomo hakuuma, alikuwa kama anaimba kimoyomoyo. Sijawahi kumwona dada yangu na uso ule, si kabla ya hapo wala baada yake.

Baba akaingia na mteja wake, anataka kumwonyesha kazi. Akaona. Nadhani ni aibu ya mgeni ndiyo iliyompandisha sauti.

"Zuhura! Mkono!"

Kilichofuata kilikuwa adabu, hakuna jina lingine. Mtoto aliyelelewa vizuri akiambiwa mkono, anabadilisha mkono. Zuhura alibadilisha pale pale, hakungoja kurudi nyuma. Mkono wa kulia uliruka kushika kijiti kilichokwisha kugusa msasa, kijiti kikachomoka, na vidole vikaenda kwenye ule mwanya kati ya meza na sahani. Sikumsikia akilia. Nilisikia injini ikibadilisha sauti kidogo tu, kama inavyobadilika ikikutana na gunzi.

Yule mteja ndiye aliyekimbia kuzima injini. Baba alikuwa amesimama, kinywa kiko wazi bado kwa lile neno.

Hospitali walifanya walichoweza. Zuhura alirudi nyumbani na kidole gumba kisichokunjika na vidole viwili vya mwisho. Cha shahada na cha kati havikuwepo. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki miezi michache.

Mama hakumlaumu Baba kwa neno hata moja, na hilo lilitutisha kuliko ugomvi. Aliacha tu kuchukua vipande vya mninga. Alikwenda porini mwenyewe kuokota kuni, akarudi na mzigo kichwani akapita mbele ya karakana bila kugeuka, na rundo la mninga lilikaa pale mpaka likajaa utando wa buibui.

Siku ya kwanza Zuhura alipokaa nasi mkekani, chakula kilikuwa ugali na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji. Tukanawa. Bibi akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampelekea Zuhura mdomoni, binti wa darasa la saba, kama mtoto wa kunyonya. Zuhura akalipokea. Machozi yakaanza kumtoka huku anatafuna.

"Mama, mwache ale mwenyewe," Baba akasema.

"Kwa mkono gani?"

"Kwa uliobaki."

Sikuwahi kumsikia Baba akimpinga mama yake. Bibi alimtazama muda mrefu, akanawa, akainuka. Toka siku hiyo aliletewa chakula chake chumbani, na hakula tena kwenye mkeka mmoja na Zuhura mpaka anakufa. Hakumchukia mjukuu wake, alimkanda ule mkono kwa mafuta ya nyonyo kila jioni. Ila kulikuwa na mambo ambayo macho yake hayakuweza kuyatazama. Mimi nilimpenda Bibi, na bado hilo sijamsamehe.

Karakana ilifungwa. Halafu asubuhi moja tukasikia msumeno. Baba alikuwa anatengeneza kitu kidogo, si kitanda wala dirisha. Alichukua kipande cha mninga mkavu, akakiranda pande zote mpaka kikakaa skwea, akakitoboa, na kwenye tundu akachomeka fimbo ya chuma iliyotoka kwenye pampu ya baiskeli. Kwenye meza ya sahani alichimba mfereji, na chini ya kibao akaweka ulimi wa mbao unaoteleza kwenye mfereji huo, hakiendi kulia, hakiendi kushoto, kinakwenda mbele na kurudi nyuma tu. Na ule mwanya aliuziba.

Ilivyofanya kazi hata mtoto alielewa. Unakivalisha kijiti kwenye ile fimbo ya chuma, fimbo inaingia ndani ya bomba la shaba na kukinyoosha yenyewe. Unakisukuma kibao kwa mpini wake mpaka ncha ya kijiti iguse msasa. Vidole vyako viko nyuma, mbali na sahani, na skwea inatoka bila kubahatisha. Jambo la mchana mmoja. Angeweza kulifanya mwaka wowote. Nadhani na yeye alikuwa analiwaza hilo, maana alifanya kazi kichwa kimeinama.

Mama alikuja akasimama mlangoni. "Bado unataka kumrudisha pale?"

"Asipofaulu mtihani ataishije?" Baba akajibu bila kuinua macho. "Nataka awe na kazi ambayo mkono wake unaiweza."

Mpini wa kibao aliuweka upande wa kushoto. Akageuza na mkanda, sahani izunguke upande wa pili. Na kwa kuwa kilikuwa kibao cha mashoto, ilibidi akijaribu kama mashoto.

Aliusokomeza mkono wake wa kulia kwenye mkanda wa suruali ili usije kusaidia, akaanza. Zuhura alikuwa amekaa kwenye benchi, bandeji mapajani, mimi pembeni yake. Baba alishindwa hata kukivalisha kijiti kwenye fimbo. Kilianguka, akakiokota, kikaanguka. Alipofanikiwa kukivalisha, alisukuma kwa nguvu mno ncha ikaungua, au akasukuma kidogo mno isiguse kabisa. Jasho lilimtiririka. Watu waliokuja kusaga walisimama dirishani kumtazama.

"Fundi, leo umeamkia kilabuni?" mmoja akasema, wakacheka.

Siku ya pili alirudia, na ya tatu. Alinuna, akatukana vijiti, mara moja akakirusha kimoja ukutani. Fundi aliyesifiwa mpaka Usevya alikuwa hawezi kazi ya mtoto. Mwishowe akautoa mkanda kwenye sahani, akaketi kwenye gogo mbele ya Zuhura.

"Mkono huu hausikii kabisa," akasema. "Kichwa kinajua, wenyewe hausikii."

"Ndiyo, Baba."

Nikaona anageuza geuza kiganja chake cha kushoto kama kitu alichookota njiani.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unasikia na wa kulia?"

"Kila siku, Baba."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Zuhura hakuinua sauti. Hakuwa mtoto wa kujibu wazazi. "Nilisema nikiwa mdogo," akasema. "Nyie mkanifunga."

Baba akainuka akaenda kwenye pipa la maji nje. Alinawa uso, akanawa tena. Alikaa huko mpaka waliokuja kusaga wakaondoka.

Basi Zuhura akaanza kujifunza kuandika upya, akiwa darasa la saba. Shuleni hawakumkataza, mwalimu wa darasa alimwambia andika kwa unaoweza. Lakini ule mkono ulikuwa umenyimwa kazi miaka yote, haukujua hata njia ya herufi a. Alianza mchangani kwa kijiti, akaja kwenye karatasi za kufungia sukari, na herufi zake zilikuwa kubwa na zilizolala kama za darasa la kwanza. Baba alimtengenezea kalamu ya mpingo, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Zuhura akashukuru, akaiweka kwenye sanduku la nguo, akaja kuazima ya kwangu ya plastiki.

Siku ya mtihani wa hesabu alitoka nje akiwa amelowa jasho shingoni. Nilimsubiri getini. Aliniambia majibu yote alikuwa nayo. Alikuwa nayo kichwani, moja baada ya jingine, na karatasi zilikusanywa mkono ukiwa bado katikati.

Majina ya waliochaguliwa yalisomwa mbele ya shule nzima. La kwake halikuwemo. Baba alikuja siku hiyo, amevaa shati lake la sikukuu, akasimama nyuma kabisa chini ya jua. Yalipokwisha kusomwa aliendelea kusimama, kama anayedhani wamesahau ukurasa mmoja. Zuhura ndiye aliyekwenda kumchukua. Walitembea pamoja mpaka nyumbani, na kesho yake asubuhi dada yangu alifunga kitambaa kichwani akaingia karakana.

Kibao hakikuwahi kumwangusha. Kalamu za Zuhura zilisifiwa kupita za Baba, hakuna iliyopenyesha mwanga, na vidole vyake vilivyobaki vyote anavyo mpaka leo. Baba hakupandisha tena sauti ndani ya karakana. Alipotaka kumwambia kitu alizunguka akasimama mbele yake, akangoja aisimamishe sahani. Aliishi hivyo mpaka alipofariki, na jeneza lake alilitengeneza Zuhura.

Sasa hayo yote yamekwisha. Mashine ya kusaga imehamia umeme, eriali hazipo tena, na kalamu mtu anapewa bure kwenye semina akaisahau mezani. Watoto wetu hawaandiki sana, wanabonyeza simu kwa vidole gumba vyote viwili, tena kwa kasi ya cherehani, na hakuna anayewauliza mkono upi ni wa kulia. Nawacheka mara nyingi. Hawajui kupanda mti, hawajui kuwasha jiko la mkaa, wakiona migebuka mizima wanauliza kwa nini ina macho. Ninatamani wangeonja utoto wetu, ile asali, ule uyoga, zile jioni za kombolela. Halafu nakumbuka kilichokuwemo ndani ya utoto huohuo, naacha kutamani.

Binti yangu wa mwisho, Rehema, ni mashoto. Mwaka huu yuko darasa la saba. Zuhura alikuja kutusalimia, akamkuta mezani anafanya hesabu, akavuta kiti akakaa kando yake. Alikaa muda mrefu anautazama ule mkono unavyokwenda. Rehema, ambaye anauliza chochote kinachomjia kichwani, akauliza bila kuinua macho:

"Mama mkubwa, kwani we ulikuwa hujui hesabu? Mbona hukwenda sekondari?"

"Nilizijua, mama," Zuhura akasema. "Mkono ndio uliochelewa."

Rehema akasema "aah," kama aliyeelewa. Akafungua ukurasa mwingine, akaendelea kuandika kwa kushoto, na hakuna mtu aliyemwambia kitu.